Tumbo limepona, kuchuchumaa bado: kisa cha kijana wa miaka 15, Tanga

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga. Kijana ninayemweleza nilimhudumia kwa karibu mwaka mzima, tangu akiwa hoi wodini mpaka aliporudi darasani. Yeye na mama yake wamekubali niandike. Majina, hospitali, shule na mtaa nimeviondoa, na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha ili wasitambulike. Yaliyoupata mwili wake nimeyaacha yalivyo. Nitamwita Kijana.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa huduma za utengamao, wauguzi wa wodi za upasuaji, na mzazi yeyote aliyerudishiwa mtoto kutoka hospitali akaambiwa kilichobaki ni kula na mazoezi.

Historia

Kijana alikuwa Kidato cha Pili, mwenye afya, kilo 52, mpira kila jioni. Anaishi na mama yake, bibi mzaa mama na wadogo zake wawili kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ua nyuma. Choo kiko uani, cha kuchuchumaa. Kwenye faili langu la mwanzo habari ya choo haimo kabisa, na kutokuwamo kwake ndiko kulikozaa sehemu kubwa ya kisa hiki.

Homa ilianza mwishoni mwa masika, wakati visima vya mitaa ya chini vinachanganyika na maji ya mitaroni. Walinunua dawa ya mseto ya malaria dukani bila kupima. Homa ikatulia siku mbili, ikarudi. Wiki ya pili walikwenda zahanati, kipimo cha Widal kikasoma taifodi, akaandikiwa antibayotiki. Alizimeza siku tatu, akajiona mzima, akaacha. (Widal hupima kinga iliyomo kwenye damu, na kwenye eneo lenye taifodi nyingi watu wengi wanayo kinga hiyo hata wakiwa hawaumwi. Safari hii kipimo kilisema kweli, lakini mara nyingi hupotosha. Kuotesha damu maabara ndiko kunakoaminika zaidi.)

Wiki ya tatu, usiku, tumbo lilimkata ghafla. Mama anasema lilikuwa gumu kama ubao na mtoto hakutaka hata shuka limguse. Wenye kuijua taifodi wanaijua wiki hiyo ya tatu: vidonda vinavyotokea sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba vinaweza kutoboka kabisa, na uchafu ukamwagika tumboni. Mjomba wake alimpakia kwenye bajaji, wakafika hospitali kabla ya alfajiri.

Wodini

Alifanyiwa upasuaji asubuhi hiyo. Tundu lilikuwa moja, likashonwa, tumbo likaoshwa. Siku ya sita kidonda kikafumuka na maji ya utumbo yakaanza kutokea kwenye mshono. Akarudishwa chumba cha upasuaji. Safari hii madaktari waliutoa utumbo nje kwa muda, upande wa kulia wa tumbo, haja ikawa inaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Zilifuata siku nyingi mbaya: homa, oksijeni, mpira puani, mpira wa mkojo, dripu mikono yote. Kwamba yu hai ni kazi ya madaktari wa upasuaji na wauguzi waliokesha naye, na lolote nitakaloandika hapa chini lisomwe kwa heshima hiyo.

Niliitwa siku ya 19 kwa sababu ya kifua. Alikuwa anapumua juujuu kwa kuogopa maumivu, na makohozi yalikuwa yanakaa. Nilipofunua blanketi nimsikilize mapafu vizuri, nikaiona miguu. Yote miwili ilikuwa imenyooka, vidole vikielekea ukutani, kama mtu anayenyoosha mguu aguse kitu cha mbali. Nilimwambia avute vidole kuelekea kwake. Wa kulia ulisogea kidogo. Wa kushoto haukusogea.

Mgonjwa anapolala chali, uzito wa mguu na blanketi vinaisukuma nyayo iinamie chini. Mguu ukikaa hivyo, kigimbi na kano ya kisigino vinaanza kufupika, tena kwa mtu aliyekonda na asiyejisogeza haichukui muda mrefu. Nilipopima, mguu wa kulia ulikuwa umebakiza digrii 10 kufika pembe mraba (nyayo na ugoko zikifanya digrii 90), wa kushoto 20. Wa kushoto ulikuwa na jambo la ziada. Mfuko ulikuwa upande wa kulia, kwa hiyo kila alipolala ubavu alilalia kushoto. Kuna neva inayopita nje kidogo chini ya goti, juu ya mfupa, haina nyama ya kuikinga. Ikikandamizwa siku nyingi hulala, na misuli ya kuinua nyayo hulala nayo. Na mgongoni, karibu na makalio, kulikuwa na kidonda cha mgandamizo cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili.

Nilisoma karatasi ya maagizo ya raundi. Dripu ilikuwamo, dawa zilikuwamo, kidonda, mfuko, kiasi cha mkojo. Miguu haikuwamo, kwa hiyo haikuwa kazi ya mtu.

Nilipanga hivi: kifua kwanza. Apulize mrija ndani ya chupa yenye maji ya sentimita kumi, apulize taratibu mpaka povu litoke, mara kumi kila saa anapokuwa macho. Akikohoa akumbatie mto tumboni ili mshono usimvutike. Pili, kuketi kitandani miguu ikining'inia, kwanza dakika mbili kwa sababu alikuwa anaona kizunguzungu, kisha tano, kisha kiti. Tatu, miguu. Hapo ndipo nilipompata bibi.

Bibi alikuwa anakuja asubuhi na jioni na chupa ya uji, na kila akija alikuwa anamkanda mjukuu miguu kwa kitambaa cha maji moto. Muuguzi mmoja alikuwa ameshamkataza. Mimi niliomba aachiwe, ila maji yawe ya uvuguvugu na ayapime kwanza kwa kiwiko, maana ganzi ya mguu wa kushoto ingemfanya mtoto aungue bila kujua. Baada ya kukanda, ashike kisigino kwenye kiganja, nyayo ilale juu ya mkono wake, asukume kuelekea ugoko na atulie hapo mpaka amalize kusoma Alhamdu. Zinatoka kama nusu dakika. Mara kumi kila mguu. "Mwanangu," aliniambia, "hii kazi mbona naijua, mlikuwa mnanikataza tu." Usiku tulimfunga nusu hogo (plasta ngumu, ya upande mmoja tu) kwa nyuma ya mguu ili nyayo isianguke.

Aliruhusiwa siku ya 44, akitembea kwa magongo, kilo 37.

Nyumbani na mfuko

Wiki za mwanzo mfuko ulijaa maji mara nyingi kwa siku, naye akawa analegea. Familia ilikuwa inampa madafu na juisi kwa wingi kwa nia njema kabisa. Lakini mtu mwenye utumbo mwembamba uliotolewa nje hupoteza chumvi nyingi, na vinywaji vitamu au vyenye chumvi kidogo humwongezea kutoka maji. Muuguzi wa kliniki ya upasuaji alibadilisha mpango: ORS (maji ya chumvi na sukari) ya kunywa kidogo kidogo kutwa, chumvi kwenye chakula, uji mzito, wali, ndizi, samaki, milo sita midogo. Mfuko ukatulia, kilo zikaanza kupanda: 37 mwezi wa saba, 43 mwezi wa tisa.

Kwa upande wangu lengo lilikuwa moja, apate nguvu ya kurudi chumba cha upasuaji utumbo ufungwe. Akitembea dakika sita kwenye korido alikuwa anafika mita 180 mwezi wa saba, na mwezi wa tisa akafika 410. Neva ya mguu wa kushoto iliamka polepole, ganzi ikapungua, nyayo ikaanza kuinuka. Kano ya kisigino, hata hivyo, ilibaki fupi, na kila akikanyaga goti lilikuwa linasukumwa nyuma.

Hapa nilifanya uamuzi ninaotaka mwenzangu auangalie kwa makini. Njia ya kurefusha kano ile ilikuwa kumfunga hogo za mfululizo, kila moja ikisogeza nyayo digrii chache. Sikuzifunga. Ngozi ilikuwa nyembamba, lishe haijatengemaa, ganzi ilikuwa bado ipo, na hogo juu ya mguu wenye ganzi hutoboa kisigino bila mgonjwa kusikia. Badala yake nilimpelekea fundi viatu raba zake, akaongeza soli ya kisigino, sentimita tatu kushoto na moja na nusu kulia. Mwendo ukanyooka siku hiyo hiyo. Mama alilia kwa furaha.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa mwezi wa nane. Kosa langu ni kwamba sikuandika tarehe ya kuurudia.

Baiskeli

Utumbo ulifungwa mwezi wa tisa bila tatizo. Wiki chache baadaye, daktari aliporidhika na mshono, Kijana alianza kwenda shule kwa baiskeli. Tanga baiskeli ni miguu ya pili, na mtaa mzima uliomwombea ulimwona akipita barabarani na begi mgongoni. Hata mimi nilimwona, nikasimama nikampungia mkono. Kwenye faili niliandika: "Anaendesha baiskeli, maendeleo mazuri sana."

Sasa angalia baiskeli inataka nini. Unakanyaga pedeli kwa mbele ya nyayo, kisigino kimening'inia. Kano fupi haikusumbui hata kidogo. Raba yenye kisigino kirefu haikusumbui. Vipimo vyangu vyote, korido, ngazi, baiskeli, vilikuwa vinamwonyesha kijana aliyepona kwa sababu vyote nilivipima akiwa amevaa viatu na akiwa wima.

Kilo zinashuka

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alikuwa kilo 44 na nusu. Wiki tano baadaye alikuwa 40. Baada ya utumbo kufungwa haja huwa nyepesi na ya mara kwa mara kwa muda, lakini yake ilikuwa inapungua, siyo kuongezeka. Daktari wa upasuaji alihofia utumbo umebana au kuna usaha uliojificha. Akapigwa ultrasaundi, picha ya kifua, akapimwa damu na makohozi. Vyote safi. Mama akaambiwa amlishe zaidi. Alikuwa anamfungia chakula cha mchana kwenye hotpoti, wali na samaki au boflo na maharage, na hotpoti ilikuwa inarudi tupu. Bibi alianza kuzungumza habari za husuda.

Nilikwenda kwao wiki ya kwanza ya Novemba. Kama ilivyo kwenye nyumba zetu, viatu tulivivua mlangoni, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilimwona akitembea peku nje ya kitanda changu cha mazoezi. Alikuwa anakwenda kwa vidole. Bibi alitandika mkeka, wote tukakaa, yeye akaegemea ukuta. Nikamwambia aje akae. Akashika mlango, akajishusha kama mzee, matako yakaanguka mkekani kwa kishindo.

Nilimwomba tutoke barazani wawili.

"Nichuchumalie kidogo nione."

Alijaribu. Visigino vikainuka, akarudi nyuma, nikamdaka.

Alinyamaza muda mrefu, akawa anakwangua chokaa ya ukuta kwa ukucha. Kisha akasema, "Dokta, mimi shuleni huwa sili."

Tangu utumbo ufungwe, akila tu, baada ya nusu saa lazima aende. Vyoo vya shule ni vya kuchuchumaa, sakafu imelowa, hakuna pa kushika. Wiki ya kwanza alianguka nyuma. Sare ikachafuka. Alipanda baiskeli akarudi nyumbani kabla ya kengele, akafua mwenyewe, akaianika, hakumwambia mtu. Tangu siku ile hakutia kitu kinywani, hata maji, kuanzia alfajiri mpaka arudi. Chakula cha hotpoti walikula rafiki zake. Nyumbani alikuwa anatumia kiti cha plastiki ambacho mjomba alikitoboa katikati na kukiweka juu ya tundu. Mama aliniambia habari za kiti hicho mwezi wa kumi, nami nilimsifu mjomba kwa ubunifu. Sikuuliza kwa nini kijana wa miaka 15 anayeendesha baiskeli anahitaji kiti chooni.

Tulivyoamua

Tulikaa mama, mjomba, Kijana na mimi. Mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili ulikuwa mlangoni, na mjomba alitaka aufanye. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: mwaka unapotea, wenzake watamwacha, na mtoto ameshapoteza mengi. Mama alitaka apumzike. Nilipomgeukia mwenyewe alisema hajasoma sawasawa tangu Mei, na anaona afadhali arudie darasa kuliko kufeli mbele ya watu. Mjomba alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi mwanangu, turudie." Hiyo ilitupa wiki nane za kufanya kazi ya mguu.

Ganzi sasa ilikuwa imekwisha, ngozi imejaa, hogo zikawezekana. Tulianza na mguu wa kushoto peke yake ili abaki na mmoja wa kukanyagia. Siku ya kwanza ulikuwa umebakiza digrii 15. Hogo ya kwanza, wiki moja, ikabaki 9. Ya pili, 4. Ya tatu mvua za vuli zilimkuta njiani, pamba ikalowa ndani, na nilipoikata nilikuta wekundu na malengelenge kwenye kisigino. Tulisimama siku saba. Iliniuma, maana tulikuwa tunapata kasi, lakini kidonda cha kisigino kingetugharimu miezi. Ya nne ilivuka pembe mraba kwa digrii 2, ya tano kwa digrii 5. Mguu wa kulia tuliutengeneza kwa kuvuta tu, bibi akiwa msimamizi, na hakuwa na upole.

Shuleni tulikwenda mimi na mama. Mkuu wa shule alimsikiliza Kijana mwenyewe, jambo ninalomshukuru, akampa ruhusa ya choo cha walimu chenye cha kukalia. Kijana alikataa. Alisema wenzake watamuuliza kila siku. Alichotaka ni tundu la mwisho kwenye vyoo vya wavulana liwe na kitu cha kushika. Mjomba alileta bomba la chuma, fundi wa kuchomelea akalikunja, shule ikatoa saruji. Upande wangu nilimchongea kabari za mbao za kuweka chini ya visigino, maana kisigino kikiinuliwa kidogo mtu mwenye kano fupi anaweza kuchuchumaa bila kurudi nyuma. Ya kwanza sentimita tano, ya pili tatu, ya tatu moja. Alikuwa anafanyia mazoezi uani jioni, akihesabu.

Matokeo

Siku tatu baada ya mazungumzo ya barazani alianza kula mchana, nyumbani, akiwa kwenye hogo. Krismasi ilimkuta na kilo 44. Januari alirudi Kidato cha Pili, Machi alikuwa 48, Mei 51. Soli za raba tulizipunguza mara mbili, kisha tukazitoa. Usiku bado analala na kishikizo cha kuzuia nyayo ya kushoto isianguke.

Aliyeona badiliko kabla yangu ni bibi. Tangu augue, Kijana alikuwa anaswali kwenye kiti. Jioni moja mwezi wa pili bibi alimwona amekwenda sijida, akainuka, akakaa tahiyatu, mguu wa kulia umesimama juu ya vidole vilivyokunjwa kama inavyotakiwa. Alinipigia simu usiku uleule.

Uchambuzi

Ukiniuliza nini kiliuokoa mguu huu, nitasema bibi, na sisemi kwa kumpendezesha. Nilikuwa na dakika ishirini na Kijana mara tatu kwa wiki. Bibi alikuwa naye asubuhi na jioni, siku zote 44 na baada ya hapo. Mguu wa kulia aliushughulikia mapema kabla haujawa mgumu, na haukuhitaji hogo hata moja. Alikuwa karibu akatazwe. Jamaa anayekaa na mgonjwa ana mikono na ana muda, na kazi yetu ni kumwonyesha namna, pamoja na hatari ya kuunguza au kuvuta kwa nguvu.

Wodini, siku 19 zilipita miguu ikiwa haina mwenyewe. Silaumu mtu aliyekuwa anapigania pumzi ya mtoto. Ninachosema ni kwamba ingetosha mstari mmoja kwenye karatasi ya raundi, "nyayo pembe mraba, ageuzwe pande zote," ili muuguzi wa zamu auone. Kugeuzwa kungeiokoa neva ya kushoto na mgongo kwa pamoja. Tangu hapo tumekubaliana na wodi kwamba mgonjwa yeyote wa tumbo aliyelala siku ya tatu, sisi tunaitwa, kifua kiwe kibaya au kizuri.

Kuhusu soli ya kisigino nimeshasema. Kifaa kinachoficha tatizo ili mtu atembee leo ni kifaa halali, mradi tarehe ya kukiondoa iandikwe siku ileile kinapotolewa. Nilipoona mwendo umenyooka niliacha kupima kifundo. Kati ya mwezi wa tisa na Novemba hakuna kipimo hata kimoja cha kifundo kwenye faili, na ndizo wiki alizokuwa anashinda njaa.

Linaloniumiza zaidi ni la kuulizwa. Katika wiki zile tano Kijana aliingizwa kwenye mashine, akachomwa sindano, na maswali yote kuhusu chakula tukamuuliza mama. Yeye alikuwepo chumbani kila mara. Mvulana wa miaka 15 aliyebeba mfuko wa haja tumboni miezi mitatu ameshaaibika vya kutosha, hatasema mbele ya mama yake, daktari na wanafunzi wa udaktari kwamba alijichafua shuleni. Alisema barazani, tukiwa wawili, baada ya kuanguka mbele yangu. Na mfuko wenyewe ulitufumba macho kwa namna nyingine: miezi yote ile hakuhitaji kuchuchumaa kwa haja kubwa, kwa hiyo upungufu haukuonekana mpaka siku utumbo ulipofungwa na kila mtu akadhani safari imekwisha.

Fomu yangu ya kwanza ya mgonjwa sasa ina maswali ambayo haikuwa nayo. Choo chenu kikoje, na cha shuleni au kazini? Unaswali namna gani, unakaaje chini? Nikuone peku. Na mgonjwa akiwa rika hili, sehemu ya mazungumzo inafanyika bila mzazi, kwa ridhaa ya mzazi.

Kijana bado anakua, na mfupa wa ugoko ukirefuka kano inaweza kubaki nyuma tena, kwa hiyo nampima kila miezi mitatu, peku. Tangu Januari ameongezeka sentimita mbili. Wiki iliyopita kifundo cha kushoto kilivuka pembe mraba kwa digrii 4, awali ilikuwa 5. Tumerudisha mazoezi ya asubuhi, na kabari ya sentimita moja bado iko nyuma ya mlango wa choo.